Kushindana na glaida milimani: jinsi ya kujipanga umalize taski yako ya kwanza Alps

Huu mwongozo ni wa yule ambaye tayari anarusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, pengine uko Ujerumani au Ufaransa au Uingereza, umezoea kuruka tambarare na sasa unataka kuingia mashindano ya milimani. Mifano yote nitaitoa Saint-Auban, kusini mwa Ufaransa, kwenye bonde la mto Durance, maana ndo milima ninayoifahamu vizuri, na ni sehemu yenye historia: mashindano ya dunia yalifanyika pale 1997, na 2005 ikafanyika fainali ya kwanza ya Grand Prix ambayo Sebastian Kawa wa Poland aliibeba. Walioko nyumbani wasione ni kitu cha Wazungu tu, Kenya kuna historia ya klabu ya glaida Mweiga karibu na Nyeri, katikati ya Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo hewa ya milimani kwetu nayo inabeba.

Kabla ya hatua yoyote shika hesabu hii. Taski, yaani njia ya siku yenye kona unazotakiwa kuzipita, ni kilomita 300, unaruka kwa wastani wa 100 kwa saa, unamaliza kwa saa 3. Sasa chukulia sehemu moja tu umeshuka chini ya mgongo wa mlima, ukaingia bondeni, ukakaa dakika 20 unahangaika na kihewa cha nusu mita kwa sekunde mpaka urudi juu. Wastani wako umeanguka mpaka 90. Dakika 20 hizo huwezi kuzirudisha kwa kukanyaga spidi baadaye, haiwezekani, utazidi kupoteza urefu na utarudi kulekule bondeni. Wanaoshinda milimani ni wale ambao siku nzima hawashuki kwenye tabaka la juu, na hatua zote hapa chini zinahudumia jambo hilo.

HATUA YA 1: Makaratasi na uzoefu

Leseni ya glaida, cheti cha afya, leseni ya michezo kutoka chama cha anga cha nchi yako, bima. Mashindano mengi yanataka uwe angalau na beji ya Fedha, yaani umeshasafiri kilomita 50, umeshapanda mita 1,000 kwa hewa tu na umeshakaa angani saa 5. Lakini beji haikufundishi milima. Nenda msimu wa machipuko, kaa kiti cha mbele cha glaida ya watu wawili na mwalimu wa palepale, mwambie akupeleke njia zilezile ambazo taski hupita. Hii usiiruke hata kama una masaa mengi ya tambarare. Tambarare macho yako yanapima mkao wa pua ya ndege kwa upeo wa macho, ule mstari wa mbingu na ardhi, milimani huo mstari haupo, mteremko unakudanganya na pua ya ndege inapanda bila wewe kujua, spidi inaisha ukiwa karibu na mwamba. Hilo mwili lazima ufundishwe na mtu aliyekaa nyuma yako.

HATUA YA 2: Ramani, usiku wa kuamkia mashindano

Chukua ramani ya karatasi kabisa hata kama una programu za kuongozea njia kama XCSoar au SeeYou kwenye simu. Weka alama kila uwanja na kila shamba linalokubalika kutua, halafu piga hesabu ya urefu unaohitaji kufika pale. Glaida ya klabu kama LS4 kwenye vitabu inateleza kilomita 40 kwa kila mita 1,000, we milimani hesabu 20 tu, nusu, kwa sababu kuna hewa inayoshuka na kuna upepo wa mbele. Mfano: uko kilomita 20 kutoka uwanja wa Barcelonnette, uwanja wenyewe uko karibu mita 1,130 juu ya bahari. Kilomita 20 zinakula mita 1,000, ongeza 300 za kuzunguka na kutua, jumla unahitaji mita 2,430. Chini ya hapo Barcelonnette sio yako tena, tafuta nyingine. Na hakikisha katikati hakuna mgongo wa mlima unaokata njia, maana kompyuta nyingine zinakuchorea mstari ulionyooka kana kwamba mlima haupo.

Angalia pia maeneo yaliyozuiwa. Kule kuna hifadhi za taifa kama Écrins na Mercantour zenye masharti yake ya kuruka, ukiingia sehemu isiyoruhusiwa wanakukata pointi au siku nzima inakuwa sifuri.

HATUA YA 3: Asubuhi

Brifingi usikose na usichelewe. Pale unapewa taski, hali ya hewa, mpangilio wa kuruka na masafa ya redio. Sikiliza vitu vitatu: kitako cha mawingu kitakuwa juu kiasi gani, upepo wa juu unatoka wapi, na mvua ya radi inategemewa saa ngapi. Majira ya joto radi za mchana zinaanzia kwenye milima mikubwa upande wa Italia na zinasogea, kwa hiyo kama kona ya mbali ya taski iko upande ule, ipange mapema.

Halafu vitu vya kubeba: maji ya kunywa ya kutosha, kofia, oksijeni kama kitako kinaelekea mita 4,000 (akili inapungua kule juu kabla hujajua kwamba imepungua), jaketi, parachuti, na kifaa cha dharura cha kutoa mawimbi ambacho ukikivaa mwilini ni bora kuliko kukiacha ndani ya ndege. FLARM, kifaa cha kukuonya kuhusu glaida nyingine zilizo karibu, iwe imesasishwa. Ila FLARM haioni kupitia mwamba, mtu anayekuja upande wa pili wa kona ya mlima utamwona kwa macho dakika ileile naye anakuona.

Maji ya mabawani, yaani uzito wa kuongeza spidi, weka siku yenye nguvu tu. Msimu wako wa kwanza mi nakushauri uruke bila maji au kidogo sana, ndege nyepesi inageuka kirahisi karibu na mteremko.

HATUA YA 4: Kuanza

Ndege ya kuvuta inakuachia sehemu iliyopangwa, na mstari wa kuanzia unafunguliwa dakika kadhaa baada ya mtu wa mwisho kuruka, kawaida kama 20 hivi. Hapo katikati kuna msongamano mkubwa, glaida 30 au 40 zinazunguka kwenye hewa moja. Sheria ni moja, aliyetangulia kwenye themali, yaani hewa ya joto inayopanda, ndo anaamua upande wa kuzunguka, we unafuata upande wake, na kabla ya kuingia hakikisha yuko mtu anayekuona. Ukiona pamejaa sana ondoka, nenda mlima wa jirani, hutapoteza kitu.

Ondoka na kundi la kati. Wa kwanza wanajaribu hewa kwa ajili ya wengine, wa mwisho wanategemea hali ya hewa isiharibike. Kwenye kundi la kati unawaona watu mbele wakipanda na unajua kabisa mlima gani unafanya kazi.

HATUA YA 5: Kazi ya mteremko

Hapa ndo kwenye mashindano yenyewe. Njia ya kawaida kwenda kaskazini inashika Blayeul, halafu Dormillouse (mita 2,505) juu ya ziwa la Serre-Ponçon, halafu Morgon, halafu Guillaume, mpaka upande wa Briançon. Sio njia ya mkato ukiitazama kwenye ramani lakini ni mfululizo wa miteremko inayopokezana, unaruka kilomita nyingi bila kuzunguka hata mara moja.

Kujua mteremko upi unabeba jiulize maswali mawili, jua liko wapi na upepo unapiga wapi. Asubuhi miteremko inayotazama mashariki ndo inawaka kwanza, mchana kusini, jioni magharibi na kusini magharibi. Mwamba mtupu na changarawe kavu vinawaka kuliko msitu. Mtu aliyekulia pwani akaruka na ngalawa ataelewa haraka, upande wa joshini, unakopiga upepo, ndo unaobeba, upande wa demani, uliojificha na upepo, hewa inaporomoka na kukuvuta nayo. Kukiwa na ubishi kati ya jua na upepo, upepo ukiwa na nguvu fuata upepo. Na usisahau upepo wa bonde, huu wa mchana unaopanda kutoka chini kufuata mto, Durance una wake wenye nguvu sana alasiri, chini kabisa unaweza kuwa unavuma tofauti na ule wa juu, kwa hiyo ukiwa chini ya mgongo soma upepo wa bonde, ukiwa juu ya mgongo soma upepo wa juu.

Sasa usalama wa mteremko, na hapa naomba usome taratibu. Karibu na mwamba spidi isipungue, kwa LS4 mi sishuki chini ya 100 kwa saa na siku ya misukosuko naongeza. Kugeuka ni kuelekea nje, mbali na mlima, kila mara, hakuna siku ya kugeuka kuuelekea mlima. Unachora nane ndefu, unakwenda na kurudi. Usijaribu kuzunguka duara kamili mpaka uwe umeshapita mgongo wa mlima kwa urefu wa kutosha, hata kama vario, kile kipimo cha kupanda na kushuka, inalia kwa furaha, maana nusu ya lile duara upepo unakusukuma ukutani. Mkikutana uso kwa uso, mwenye mlima kuliani ana haki ya njia, mwenye mlima kushotoni ndo anapisha kwa kwenda kulia kwake, kwa sababu yule mwingine hana pa kwenda. Namna ya kumpita mtu unayemkuta mbele inatofautiana nchi na nchi, uliza kwenye brifingi. Na nyaya! Nyaya za umeme na za kamba za kubebea watu na mizigo zinakatiza mabonde na nyingine hazimo kwenye ramani, tafuta nguzo, waya wenyewe hutauona kwa wakati.

HATUA YA 6: Kuvuka bonde

Kuvuka bonde pana ndo kunatenganisha wa kumi na wa kwanza. Kosa la kawaida ni kuondoka mapema kwa vile wengine wameondoka. Jiulize utafika ng'ambo urefu gani ukilinganisha na mgongo wa pili. Ukifika juu ya mgongo una chaguo zote, ukifika usawa wa nusu ya mlima una chaguo moja na shamba. Kwa hiyo kama unahitaji mita 200 zaidi na hewa ya hapa inakupa mita 2 kwa sekunde, ni chini ya dakika mbili, zichukue. Ukishaondoka, ondoka kweli, shusha pua pita haraka kwenye hewa inayoshuka, usiburute. Nadharia hii ya spidi kati ya themali inabeba jina la Paul MacCready, Mmarekani aliyechukua ubingwa wa dunia 1956 Saint-Yan hukohuko Ufaransa, lakini namba yake, ile ya nguvu ya hewa unayotegemea mbele, milimani weka ndogo kuliko unavyoweka tambarare.

Ukifika ng'ambo chini ya mgongo, tafuta pua ya mlima iliyojitokeza, ile inayopigwa na jua na upepo wa bonde kwa pamoja. Usiingie kwenye bonde dogo lililojikunja, kule unaingia na hakuna nafasi ya kugeuka kutoka.

HATUA YA 7: Taski ya maeneo

Siku nyingine hupewi kona kamili, unapewa maeneo makubwa na muda wa chini, tuseme saa 2 na nusu, na we unachagua uingie ndani kiasi gani. Ukirudi kabla ya muda, umbali wako unagawanywa kwa muda uleule wa chini, umejipunja. Lenga kurudi dakika tano mpaka kumi baada ya muda, na sehemu ya kuongeza kilomita ni pale miteremko inapobeba vizuri, mahali pabovu gusa tu ukingo wa eneo ugeuke.

HATUA YA 8: Kutua shambani

Amua ukiwa bado juu. Shamba ulichague lile uliloliwekea alama jana, ulipitie pembeni, uangalie nguzo, mteremko wa ardhi na upepo wa bonde. Ardhi ikiwa imeinama sana tua kupandisha hata upepo ukiwa wa nyuma. Umbali uliopata bado una pointi zake, siku nzima ina 1,000 na aliyetua nje hapati sifuri, kwa hiyo hakuna kilomita mbili za ziada zinazostahili kuhatarisha shingo yako. Ukitua piga simu au redio hapohapo, watu wako na trela wanasubiri.

HATUA YA 9: Kurudi na faili

Mlima wa mwisho kabla ya uwanja ni mtego, kompyuta inasema unafika lakini mbele kuna hewa inayoshuka. Kawaida ya mwanzo ongeza mita 300 juu ya inavyosema. Mwaga maji kama unayo, vuka mstari, ita redio, tua mbele ili wengine wapate nafasi nyuma yako, ondoka kwenye njia haraka.

Tuma faili la IGC, yaani rekodi ya safari yako, ndani ya muda uliotangazwa. Halafu jioni fungua faili la mshindi na lako pamoja, usianze na wastani wa spidi, tafuta sehemu aliyokuwa chini kabisa siku nzima na sehemu uliyokuwa wewe chini kabisa, kisha rudi nyuma kilomita kumi kwenye faili lako uone ulikuwa urefu gani ulipoondoka kwenye mlima wa kabla ya hapo na yeye alikuwa urefu gani. Andika ile tofauti kwenye ramani yako ya karatasi, pembeni ya jina la mlima.