Jinsi ya kuosha na kushona tedi mzee bila kumharibu sura

Kabla hujamtumbukiza tedi kwenye maji, mbonyeze tumbo kwanza. Sitanii. Mi hii kitu nilijifunza kwa aibu, nilichukua dubu wa mtoto wa dada yangu, dubu mwenyewe ni wa kurithi, mama yake alilala naye utotoni, nikasema leo namtoa uchafu wote, nikamtupia kwenye mashine ya kufulia pamoja na mataulo, maji ya moto, mzunguko mrefu. Kufungua mlango nakuta jicho moja limebaki kwenye ngoma ya mashine, kitambaa kimetoa maji rangi ya chai, na tumboni kuna mabonge magumu kama mtu kameza ndimu nne. Mtoto akampokea, akamnusa, akanirudishia palepale. "Mjomba, huyu siyo yeye."

Basi tangu siku hiyo nabonyeza kwanza.

Ukibonyeza ukasikia mchakacho kama majani makavu, ndani kuna maranda, yale membamba marefu kama nywele za mbao. Huyo ni mzee kweli, ndivyo walivyojazwa dubu wa kizazi cha kwanza. Na hapa lazima nipige stori kidogo sababu watu wengi wanaijua nusu. Novemba 1902 rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuwa kwenye mawindo Mississippi, siku zinapita hajapata kitu, kiongozi wa mawindo, Holt Collier, akamkamata dubu na kumfunga kwenye mti ili rais apige tu. Roosevelt akakataa, akasema huo siyo uwindaji. Mchoraji Clifford Berryman akachora katuni ya tukio hilo kwenye gazeti la Washington Post, na huko Brooklyn mume na mke waliokuwa na duka la peremende, Morris na Rose Michtom, wakashona dubu wa kitambaa wakamwita dubu wa Teddy, yaani jina la utani la Roosevelt, ndo jina likabaki mpaka leo. Nusu ambayo haisemwi ni kwamba yule dubu hakuachiwa aende zake, alikuwa ameshaumia vibaya na Roosevelt akaagiza auawe asiteseke. Kipindi hichohicho Ujerumani, mji wa Giengen, Richard Steiff kwenye kampuni ya shangazi yake Margarete alikuwa ametengeneza dubu wake mwenye mikono na miguu inayozunguka, wakampeleka maonyesho ya Leipzig mwaka 1903. Hakuna aliyemwiga mwenzake, zilikutana tu.

Sasa hiyo mikono inayozunguka ndo sababu ya kutomloweka dubu wa aina hiyo. Ndani ya mabega na nyonga kuna viduara vya kadibodi vimeshikwa na pini ya chuma, kadibodi ikinywa maji inavimba na kuoza, chuma kinapata kutu na kutu inatoka mpaka nje kwenye manyoya. Na manyoya yenyewe ni ya mbuzi wa Angora, mohea, siyo plastiki.

Ukibonyeza ukakuta laini, mwepesi, halafu anabaki amebonyea harudi haraka, hiyo ni sufi au pamba, naye usimloweke maana itajikusanya pembeni na haikauki. Akiruka mara moja kama mto mpya basi ni polista, huyo hana shida. Kuna wale wa sponji ya zamani, ukibonyeza unasikia kama mchanga ndani, sponji imeshakuwa unga, huyo usimuoshe kabisa mpaka umtoe matumbo yote umjaze upya. Mashine ya kufulia imeingia kwenye maisha ya tedi kwa kuchelewa, kampuni ya Wendy Boston kule Wales ilimtoa dubu wa kufuliwa mashine mwaka 1954, kwa hiyo kama wako ana umri mkubwa kuliko hapo, mashine isahau.

Kabla ya yote mgeuze sikio. Ukikuta kifungo kidogo cha chuma kimebanwa hapo, hiyo ni alama ya Steiff, wameanza kuiweka 1904, usikitoe, usikisugue, na usioshe chochote mpaka mtu anayejua vitu vya kale amwone. Mwaka 1994 dubu mmoja wa Steiff anaitwa Teddy Girl aliuzwa kwenye mnada wa Christie's London kwa pauni 110,000. Wa kwako huenda siyo huyo, lakini kusugua hakurudishwi nyuma.

Halafu piga picha ya uso. Mbele, upande kulia, upande kushoto, karibu kabisa. Utanishukuru baadaye.

Wa polista ni rahisi: kama ana kifaa cha sauti au betri, fumua mshono wa mgongoni ukitoe, mzibe matundu yote kwanza, mtie kwenye foronya ufunge kwa fundo, maji ya baridi au digrii 30, sabuni ya maji kidogo, mzunguko wa vitu laini. Usimkaushe kwa hewa ya moto, manyoya ya plastiki yanaungua ncha zinakuwa kama nywele zilizopitiwa na moto na hapo hakuna dawa.

Mzee anaoshwa kwa povu tu. Yaani weka maji kidogo kwenye bakuli, matone machache ya sabuni laini, piga kwa mkono mpaka povu lisimame, halafu mswaki laini uguse povu peke yake, maji ya chini usiyaguse. Anza nyuma ya sikio, sugua kidogo, kisha kandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu, kikitoka na rangi ya manyoya, siyo uchafu, acha hapohapo. Kisipotoka endelea kipande kwa kipande, kama kiganja cha mkono hivi, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakitoi tone, hamia kipande kingine. Inachosha, ndiyo. Kitambaa changu cha kwanza kilikuwa cheusi kama nimefuta tairi na huyo dubu alikuwa anaonekana msafi!

Kukausha mlaze kwenye wavu kivulini, feni ikimpuliza kwa mbali, mgeuze kila baada ya masaa machache. Usimwanike kwa masikio, mshono wa sikio haujashonwa kubeba dubu aliyelowa, na jua kali linamtoa rangi upande mmoja. Wa polista mpe siku mbili hata kama kwa nje anaonekana kakauka, ingiza kidole kwenye kwapa, ubaridi wowote ukiusikia bado. Akiwa na unyevunyevu mchane manyoya kwa brashi laini, akishakauka yamelala hivyo hayainuki tena.

Kama unashuku ana wadudu wale wanaotoboa nguo za sufu, akishakauka kabisa mfunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, mweke kwenye friza wiki nzima. Waambie wenzako nyumbani kabla, kufungua friza usiku ukakutana na macho mawili siyo jambo dogo.

Kushona sasa. Uzi uwe imara, ule wa kushonea mabegi, rangi inayokaribia manyoya siyo lazima ifanane. Kinachowashinda watu ni kuziba tundu bila mshono kuonekana, na siri ni kwamba sindano haivuki juu ya ukingo. Kunja kingo zote mbili ziingie ndani, sindano ipite ndani ya mkunjo wa kushoto milimita nne hivi, itoke, ivuke moja kwa moja kwenda mkunjo wa kulia, ipite milimita nne, irudi kushoto. Unaona ngazi inajengeka. Ukifika vipandio sita vuta uzi taratibu, mdomo unajifunga wenyewe na uzi unapotea. Ukimaliza piga fundo, choma sindano palepale itokee mbali tumboni, vuta mpaka fundo lizame, kata. Halafu kwa ncha ya sindano chomoa manyoya yaliyobanwa kwenye mshono.

Shingo ndo inaanza kulegea, sababu watoto wanambana hapo. Fumua nyuma, jaza pamba ya polista vipande vidogo vidogo kama ukubwa wa kidole gumba, sukuma kwa nyuma ya penseli. Ukijaza bonge kubwa mara moja unapata uvimbe.

Macho sasa, hapa ndo watu wanaharibu. Dubu wa zamani walikuwa na pua ndefu, mikono mirefu, nundu mgongoni, walifanana na dubu wa porini, miaka ilivyoenda watengenezaji wakafupisha pua, wakatanua paji, macho yakashuka, mpaka tedi akawa na sura ya mtoto mchanga. Milimita mbili tu zinabadilisha tabia: jicho likipanda dubu anakuwa mkali, likisogea nje anakuwa kama kasahau kitu. Rudi kwenye picha, weka pini kwanza, simama mbali, mwangalie, ndo ushone. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu usiweke kifungo wala jicho la kubandika, linang'oka na anaweza kulimeza likamkaba, darizi jicho kwa uzi mweusi, inatosha kabisa.

Na usimfanye mpya. Yule dubu aliyenunuliwa duka la Harrods, London, mwaka 1921 akawa Winnie-the-Pooh, dubu wa vitabu vya watoto, yuko maktaba kuu ya New York, alifanyiwa matengenezo akarudishwa kwenye maonyesho mwaka 2016, na bado amechakaa vilevile. Kiraka kwenye goti ni sawa. Manukato hapana.

Yule wa mtoto wa dada yangu nilimfumua tena. Mabonge nikayatupa, jicho nikalirudisha kwa kufuata picha ya zamani dada aliyonitumia, ila kabla sijafunga mgongo nikamwomba dada kipande cha shuka lile la zamani analolalia mtoto, bila kufuliwa, nikakikunja nikakiweka katikati ya pamba, kifuani. Mtoto akamshika, akamnusa muda mrefu kidogo, akaondoka naye bila kuniambia chochote.