Somaek ya Meza Nzima

Bia iingie kwenye friji tangu asubuhi. Malindi hii, mwezi wa tatu kaskazi ikishakata upepo, bia inapata joto kabla watu hawajamaliza kusalimiana, na somaek, yaani bia ya kuchanganywa na soju, ikiwa vuguvugu ni adhabu. Soju nayo, ile pombe ya Kikorea isiyo na rangi, iwekwe humo humo, chini, palipo na baridi zaidi. Hata glasi zipoe kama nafasi ipo.

Mimi nasimama kaunta katika baa moja upande wa Lamu Road, na wateja wananiita Anti. Zamani walioniulizia soju walikuwa wageni waliolala Watamu, nao ndio walionifundisha nusu ya haya. Siku hizi wanaouliza ni vijana wa Ngala na Maweni wenye vitambulisho vyao, waliokesha na tamthilia za Kikorea, wakaona watu wameketi ndani ya kibanda cha turubai na chupa za kijani zimejaa mezani. "Anti, nipe moja ya Kikorea." Jibu langu ni lile lile: moja siuzi, nauza meza. Muwe watatu au wanne, chakula kiwe kimeagizwa, na kila mtu akubali kwamba hatajimiminia mwenyewe. Asiyetaka masharti hayo, Tusker yake ipo na stuli ni hiyo.

Somaek ni soju na bia ndani ya glasi moja, basi. Bia Wakorea huiita maekju, ndiyo jina likaunganika hivyo. Usitie limau, usitie soda, usitie barafu. Ukiona mtu anakutilia shurubati nyekundu akakwambia ndiyo somaek, lipia ukaondoke.

Soju inataka kufahamika kabla haijachanganywa. Ile ya kampuni ya Jinro ilipoanza mwaka 1924 ilikuwa na kilevi cha asilimia 35. Kufikia 1973 ilishushwa hadi 25, na chupa nyingi za kijani za leo zina 16 au 17. Ladha yenyewe ilibadilika mwaka 1965, serikali ya Korea Kusini ilipokataza mchele kutumika kutengeneza soju kwa sababu chakula kilikuwa haba. Viwanda vikageukia viazi vitamu na muhogo, vikatoa spiriti kali, vikaizimua kwa maji na kuitia utamu kidogo. Marufuku yenyewe iliondolewa baadaye, lakini watu walikwishazoea. Wateja wangu wa Kigiriama wakisikia habari ya muhogo huinua chupa wakaitazama upya. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huko Korea mgema alilitia maji kwanza, sifa zikafuata.

Sasa kipimo. Glasi ya bia ya Kikorea ni ndogo, kama mililita 200, na wengi huko watakuapia kwamba sawasawa ni sehemu 3 za soju kwa 7 za bia. Hiyo ni mililita 60 kwa 140. Mimi sifuati. Kwa joto letu, na kwa watu waliokuja na kiu ya kweli, natia 2 kwa 8: mililita 40 za soju, yaani toti moja na kidogo juu yake, kisha bia 160. Hesabu inakaa vizuri pia, maana chupa moja ya soju ina mililita 360, inatoa glasi 9, na bia inayohitajika ni Tusker 3 za nusu lita na tone la kubaki. Watu wanne wanapata glasi mbili mbili, moja inabaki ya mchezo nitakaoueleza chini.

Na nisikilize hapa. Glasi hiyo ya kwangu ina kilevi cha takriban asilimia 6.5, ile ya 3 kwa 7 inakaribia 8. Tusker ni 4.2. Ukinywa glasi tatu za 3 kwa 7 umeshapita Tusker mbili, na tumbo halijakwambia kitu kwa sababu glasi ni ndogo na kinywaji kinateleza. Uchungu wa bia unafichwa na utamu wa soju, ukali wa soju unafichwa na bia. Ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake.

Bia iwe nyepesi. Tusker au White Cap zinafaa kabisa. Guinness hapana, itaimeza soju yote usijue hela yako imekwenda wapi. Soju ikikosekana, kama inavyokosekana mara nyingi mzigo wangu ukichelewa kutoka Nairobi, chukua kota ya vodka isiyo na ladha ya matunda, mililita 250 za asilimia 40, ongeza maji safi mililita 375, koroga na kijiko kimoja kidogo cha sukari hadi iyeyuke, tia kwenye friji. Inakuja asilimia 16. Mkorea atajua siyo. Rafiki zako hawatajua. Ila usimwage vodka kavu ndani ya bia ukaita somaek. Hiyo ni kutafuta ugomvi.

Kumimina. Soju hutangulia, bia hufuata. Inamisha glasi, bia iteremke ubavuni, kisha ukifika robo tatu isimamishe wima ili povu lipande upana wa kidole. Wakorea wana mbinu zao za kuchanganya: wengine husimamisha kijiti cha kulia chakula ndani ya glasi wakakigonga kwa kijiti cha pili, wengine hutumbukiza kijiko cha chuma kikagusa kitako mara moja, tak, na povu linachemka kutoka chini kuja juu. Hiyo ya kijiko ndiyo meza yangu inaipenda. Glasi iwe nene, na mkono uwe mwepesi, maana vipande vya glasi ndani ya bia havionekani.

Kuna na mbwembwe za chupa yenyewe. Wanaizungusha hadi soju inafanya kimbunga ndani, wanaipiga kitako kwa kiwiko, ndipo wanafungua. Wanasema asili yake ni enzi za vizibo vya gome, kuondoa takataka. Leo kifuniko ni cha chuma na takataka hakuna, lakini mkataze mtu kufanya kimbunga uone uso wake.

Sasa mikono, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Hakuna kujimiminia. Unamtazama mwenzako, glasi yake ikiisha unammiminia, naye atakuona wewe. Ukimmiminia mkubwa wako, shika chupa kwa mkono wa kulia, wa kushoto uguse kiwiko au kifundo cha mkono wa kulia. Anayepokea mbele ya mkubwa ainue glasi kwa mikono miwili, asiiache mezani. Mdogo kuliko wote ndiye mwenye kazi ya chupa, na mkubwa ndiye wa kwanza kutiliwa. Kisha wote wanainua, "geonbae!", na mdogo anapokunywa anageuza uso pembeni asimkazie mzee macho. Kule kwenye mangwe, vilabu vyetu vya mnazi, mwenye kuleta huonja kwanza watu wajue pombe haina neno, ndipo mzee apewe. Kwa hiyo wazee wetu wakiona kijana anamtilia mkubwa kabla hajaonja, huuliza kulikoni. Waelezeni mapema.

Jambo jingine la hapa kwetu: meza ya Malindi haikosi aliyekuja na wenzake naye hanywi. Aletewe dafu au soda, ainue nayo, geonbae ni ya wote. Na kama ndiye mdogo wa meza, msimwambie ashike chupa. Kazi hiyo ipande kwa anayemfuata kwa umri, pasiwe na utani wowote juu yake. Nimeondoa meza nzima kwa jambo hili na sikujuta.

Usiongeze glasi ambayo haijaisha. Wakorea husubiri iwe tupu. Hapa pana mlango wa kutokea: ukitosheka, acha glasi yako na kidogo ndani, hakuna atakayeigusa. Ukibanwa kwenye mchezo, mwite mtu akunywee. Huko wanamwita heukgisa, naye ana haki ya kukudai kitu baadaye. Mambo ya bosi kuwalazimisha wafanyakazi wake wanywe baada ya kazi, kwenye zile karamu zao za hoesik, msiyaige. Hata vijana wa Korea wenyewe wameyachoka.

Chakula ni lazima. Kwao kinywaji bila anju, yaani chakula cha kunywea, ni kama hamjakaa. Wao wana nyama ya nguruwe ya kuchoma na kuku wa kukaanga. Mimi naweka mishkaki, viazi karai, pweza wa kuchoma mwenye ndimu, na muhogo wa kukaanga wenye pilipili, muhogo ukikutana na muhogo. Kachumbari na achari ya embe katikati, kila mtu afikie.

Michezo ni miwili tu ninayoiruhusu. Wa kwanza ni mkia wa kifuniko: ukifungua soju kunabaki kamkia ka chuma, kasokote kakaze, kisha kila mtu anakapiga kwa kidole kwa zamu. Anayekakata amepona, wanakunywa jirani zake wa kulia na kushoto. Wa pili ndio wa ile glasi ya tisa, wameupa jina la meli Titanic. Elea glasi ndogo tupu ndani ya glasi kubwa yenye bia, kila mtu adondoshee soju kidogo. Itakayozama mkononi mwa nani, ni yake yote. Feni ya juu izimwe kwanza, la sivyo upepo ndio utakaoamua.

Korea usiku una awamu: il-cha ni nyama, i-cha ni bia na vitafunio mahali pengine, sam-cha ni kuimba. Hapa kaunta inafungwa saa tano, kwa hiyo chagueni mbili. Gari libaki. Huko kuna kazi kabisa ya madereva wanaoitwa usiku kuja kukuendeshea gari lako hadi nyumbani, na tangu 2019 kiwango cha kilevi kwa dereva kimeshushwa hadi asilimia 0.03 katika damu, ambacho hata glasi moja inaweza kukifikia. Sisi tuna tuktuk nje ya lango. Funguo zinakaa kwangu, kwenye droo ya risiti, na kesho ukizifuata ulizia supu ya pweza kabla hujauliza kitu kingine. Huanza kuuzwa saa nne, na ya jana haipashwi moto.