Python, Windows na folda yenye jina la Newala

Majina ya wilaya zetu za Mtwara na Lindi yana uchokozi wake kwenye Python. Newala, Nanyumbu, Nachingwea, Tandahimba, Ruangwa: yaandike kwa herufi ndogo baada ya bakslashi (\) kwenye njia ya faili, yaani anwani yake ndani ya kompyuta, na utapata \n, \t au \r, alama ambazo Python imezipangia kazi nyingine. Wa Masasi na Liwale wana nafuu kidogo, maana \m na \l hazijapangiwa kazi, ingawa kuanzia toleo la 3.12 nao wataonyeshwa onyo.

Tuseme AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) imekupa mafaili ya mauzo ya korosho, nawe umeandika hivi:

```
f = open("D:\korosho\newala\tani.csv")
```

Windows inakujibu:

```
OSError: [Errno 22] Invalid argument: 'D:\\korosho\newala\tani.csv'
```

Hatua ya 1: soma kosa kabla ya kugusa kodi. Wengi huliruka hili, na jibu lote limo humo. Kabla ya korosho kuna bakslashi mbili. Kabla ya newala ipo moja. Katika ujumbe wa namna hii, Python huandika bakslashi halisi mara mbili. Kwa hiyo ile ya korosho imesalimika, lakini \n imegeuka mstari mpya na \t imegeuka nafasi ya kitufe cha Tab. Windows hairuhusu vitu hivyo ndani ya jina la faili.

Ukiona zote ni mbilimbili na kosa ni FileNotFoundError, acha bakslashi zako. Kagua tahajia, au flashi uliyochomeka jana ikiwa D na leo imekuwa E.

Kama bado una shaka, andika `print(repr(njia))`, ambapo njia ni stringi yako, uione kama Python inavyoiona.

Herufi kubwa zina ukali zaidi. \N hungoja jina la herufi ndani ya mabano, na \U hungoja tarakimu nane, hivyo "D:\Newala" na "C:\Users" huleta SyntaxError na programu haianzi kabisa.

Hatua ya 2: chagua dawa moja.

```
r"D:\korosho\newala\tani.csv"
"D:\\korosho\\newala\\tani.csv"
"D:/korosho/newala/tani.csv"
```

Mimi hutumia ya tatu. Python kwenye Windows huupokea mkwaju wa kawaida (/) bila ubishi, na kodi hiyohiyo haikusumbui ukihamia Linux. Bakslashi ilishika kazi hii mwaka 1983, MS-DOS 2.0 ilipoleta folda, kwa kuwa mkwaju ulikuwa tayari unatumika kutenga vibadiliko (switches) vya amri. Ile ya r ni nzuri unaponakili njia kutoka Explorer, ila isiishie na bakslashi: r"D:\korosho\" ni kosa, maana alama ya kufunga nukuu inamezwa.

Hatua ya 3: unganisha kwa Path, usijumlishe stringi kwa +.

```
from pathlib import Path
mzizi = Path("D:/korosho")
for wilaya in ["newala", "tandahimba", "ruangwa"]:
    faili = mzizi / wilaya / "tani.csv"
    print(faili, faili.exists())
```

Kwenye faili la JSON hakuna r. Rudufu bakslashi au tumia mkwaju. Lakini njia ambayo karani ameichapa kupitia input(), au uliyoisoma kutoka CSV, usiirudufu. Haya yote yanahusu stringi ulizoandika mwenyewe ndani ya kodi. Yaliyoingia kutoka nje yanabaki yalivyo.