Mota ikizimika umeme unaposhuka, anza kwenye kontakta
Volteji inaposhuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa mfano mota kubwa iliyo kwenye laini hiyo hiyo inapowashwa, mafundi wengi hupandisha kiwango cha rilei ya ovalodi (kifaa kinachoikatia mota umeme inapovuta ampea kupita kiasi), ilhali mara nyingi kosa halipo hapo. Ovalodi ya joto huchukua sekunde kadhaa kabla ya kukata, na kuipandisha kupita ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ni kuiunguza mota yenyewe.

Chunguza kwanza kontakta, yaani swichi ya sumaku inayoipelekea mota umeme na kuukata. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-4-1 kinaruhusu kontakta ya umeme wa AC kuachia (kufunguka na kukata umeme) popote kati ya asilimia 20 na 75 ya volteji ya koili inayoishikilia, nayo huweza kuachia ndani ya makumi machache ya milisekunde, kabla rilei yenye ucheleweshaji haijafanya lolote. Dawa ni kuilisha saketi ya koili kutoka kwenye UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme usikatike), mradi kitufe cha kusimamisha kwa dharura kiendelee kuikata koili hiyo moja kwa moja. Jambo hili lijaribiwe kabla ya mashine kurudishwa kazini.

Iwapo inayokata ni rilei ya volteji ya chini, yaani ile inayoizima mota volteji ikishuka mno, iongezee ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde, ukikumbuka kwamba torki (nguvu ya kuzungusha) hupungua kwa mraba wa volteji: kwenye asilimia 80, mota hubaki na asilimia 64 tu, kiasi ambacho kompresa iliyobeba mzigo mzito huenda isikivumilie.