Kumsindikiza mgonjwa wa akili asiye na uwezo: hatua ninazofuata Mwanza

Mgonjwa wa akili asiye na kitu hapa Mwanza mara nyingi hakosi daktari. Hospitali ya Bugando wapo, ya Sekou Toure wapo. Anachokosa ni nauli, barua yenye muhuri, na mtu wa kusimama naye dirishani bila kumsemea kila kitu. Ninawaandikia wanaotaka kuwa mtu huyo: jirani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hata mama wa kikoba.

Hatua ya 1: Anza na mwenyewe

Kaa naye kabla hujakaa na familia. Mpe muda, maana baadhi ya dawa zinamfanya mtu ajibu polepole. Mimi huuliza, "Wiki hii kimekukwamisha nini?" Familia itakwambia hamezi dawa. Yeye atakwambia zinatia njaa, na nyumbani kwao sufuria inapanda jikoni mara moja kwa siku. Hizo ni kesi mbili tofauti, na ya kwake ndiyo unayoweza kuishughulikia. Andika alichosema, msomee, kisha mkubaliane lipi litasemwa ofisini na lipi libaki kwenu.

Ukimkuta anasema anataka kufa, au amefungwa kamba, haya mengine yasubiri. Usimwache peke yake. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na afisa ustawi wa jamii apigiwe simu.

Hatua ya 2: Barua kabla ya hospitali

Hapa ndipo watu wengi wanapochoshwa bure. Wanapanda daladala kutoka Buhongwa, wanafika, wanaambiwa walipie, wanarudi. Msamaha wa matibabu kwa wasio na uwezo umo kwenye Sera ya Afya ya 2007, lakini haukufuati nyumbani. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, pita kwa mtendaji, ndipo uende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Uwe na daftari la kliniki, na kitambulisho kama kipo.

Barua iwe fupi. Mfano ninaotumia:

"Ninathibitisha kuwa mtajwa ni mkazi wa mtaa huu, anaishi na mama yake mzazi, na hana kipato cha uhakika. Anatibiwa ugonjwa wa muda mrefu na hana uwezo wa kuchangia gharama. Ninaomba apatiwe msamaha."

Jina la ugonjwa halimo, kwa makusudi. Barua hiyo inasomwa na karani, mgambo na yeyote aliyekaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa. Daktari ana daftari. Na ukiombwa "hela ya karatasi", omba risiti kwa upole. Mara nyingi hela yenyewe inasahaulika hapo hapo.

Hatua ya 3: Dirishani

Karani atakutazama wewe, hatamtazama mgonjwa. "Huyu ana shida gani?" Jibu: "Shikamoo mama. Mwenyewe huyu hapa, atakueleza." Halafu nyamaza, hata foleni nyuma ikiguna. Akikwama, ongeza neno moja ukimtazama yeye.

Msamaha ukishapatikana, kuna kisiki kingine: dirisha la dawa linasema dawa hakuna, kanunueni nje. Usikimbilie duka la dawa. Rudi kwa aliyeandika dawa, muulize kama ipo nyingine stoo inayomfaa mgonjwa huyu. Uamuzi huo ni wake. Muuza duka asibadilishe, wala wewe. Kama mgonjwa ametulia, ulizeni pia kama anaweza kupewa dawa za miezi miwili, au kuhamishiwa kituo cha afya cha karibu. Kwa mtu wa Ukerewe, ombi hilo moja linaokoa nauli ya meli.

Hatua ya 4: Kazi ya ziwani

Hii huikuti kwenye semina. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikipevuka, mitumbwi mingi inapumzika. Mtu anayeishi kwa dagaa akipangiwa kliniki wiki ya giza, ataacha kliniki, na hapo usimlaumu. Omba tarehe iangukie mbalamwezi. Sindano ya dawa ya akili inayochomwa kila wiki 4 inakaribia kwenda sawa na mwezi wa angani, ingawa baada ya miezi kadhaa itabidi mwombe isogezwe tena.

Muulize daktari pia kuhusu kazi yenyewe. Dawa inayoleta usingizi na mtumbwi usiku haviendi pamoja, na kifafa ndiyo kabisa. Kina mama wanaoanika dagaa wakiwa wanatumia klopromazini, mojawapo ya dawa za ugonjwa wa akili, ngozi yao huungua na jua haraka: mikono mirefu, kofia, kazi ya asubuhi. Kwa mwenye mtumbwi, mgonjwa akiridhia, nenda na ombi linalotekelezeka: abaki nchi kavu, ahesabu ndoo, ashone nyavu. Ukienda kudai haki tu bila kazi mbadala mkononi, utapewa soda na kuagwa.

Hatua ya 5: Pesa

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, hutambua kaya kupitia mkutano wa jamii, na anayejifungia ndani hatajwi. Siku ya mkutano ikitangazwa, hakikisha kuna wa kuitaja kaya yake. Usiahidi kitu, uandikishaji una msimu wake.

Halmashauri pia hutenga mikopo kwa vikundi vya watu wenye ulemavu, asilimia 2 ya mapato ya ndani. Kwa aliyetoka wodini mwezi uliopita, mimi sishauri. Deni la kikundi lisubiri atulie.

Ndugu wakianza kuuza kiwanja chake kwa kuwa "hana akili", hilo si la kikao cha ukoo peke yake. Mpeleke kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma kwa asiye na uwezo ni bure.

Hatua ya 6: Bahasha

Toa nakala ya kila karatasi. Halisi zikae kwenye bahasha ya plastiki kwake, au kwa ndugu aliyemchagua mwenyewe. Wewe baki na nakala ya barua, tarehe ya kliniki ijayo, na namba ya simu ya nyumbani.