Mtu kaumia goti, usimvute mguu kwanza: kagua hivi

Ajali ya boda ikitokea, au mtu akivunjwa kwenye mpira, hakosi mjuaji wa kushika mguu na kuuvuta eti urudi mahali pake. Mzuie huyo. Goti linakaguliwa kwa maswali kwanza, mikono baadaye.

Muulize aliumiaje. Alikuwa anakimbia akageuka ghafla, hakuguswa na mtu, akasikia "pwa!" ndani? Shuku ACL, ile kano ya katikati inayozuia muundi, mfupa wa ugoko, usichomoke kwenda mbele. Alipigwa teke goti upande wa nje? Kano ya upande wa ndani ndo imevutika. Aliruka kutoka kwenye boda akaangukia goti likiwa limekunjwa, ugoko ukagonga lami? Hapo ni kano ya nyuma, PCL. Alafu uliza lilivimba saa ngapi, hili swali wengi wanaliruka na ndo lenye majibu: likijaa ndani ya saa mbili hivi mara nyingi ni damu, yani kano imekatika au mfupa umepasuka, ila likivimba polepole mpaka kesho yake na linakwama halinyooki, fikiria gegedu, ile mito laini iliyo kati ya mifupa ya goti.

Sasa mikono. Kata suruali, hakuna kukagua juu ya jinzi. Anza na mguu mzima, ule ambao haujaumia, ndo kipimo chako, maana kuna watu magoti yao ni malegevu tangu kuzaliwa. Bonyeza kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kwa kidole, kisha kile kinundu cha upande wa nje chini kidogo ya goti, hicho ni kichwa cha fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu. Madaktari wana kanuni inaitwa ya Ottawa: umri 55 kwenda juu, maumivu kwenye kilegesambwa peke yake, maumivu kwenye kinundu hicho, goti kushindwa kukunjika nyuzi 90, au mtu kushindwa hatua nne pale alipoumia na hata akifika hospitali. Moja tu ikiwepo, apigwe eksirei. Kuchechemea nako ni kutembea, usimlazimishe atembee vizuri. Tena mwambie alale anyanyue mguu ukiwa umenyooka, akishindwa kabisa huenda kano ya mbele ya goti imekatika na hiyo haitaki kusubiri.

Usiishie gotini, shuka mpaka wayo. Tafuta mapigo juu ya wayo, linganisha na mguu wa pili. Mwambie ainue wayo. Ukining'inia tu, neva inayozunguka kile kinundu imeumia. Shavu la mguu likiwa gumu kama ubao na anapiga kelele ukimnyoosha tu vidole, hiyo ni dharura ya masaa, si ya kesho, legeza kila kilichofungwa. Nawasema hasa wanaopitia kwa waunga mifupa kwanza: sigombani na mtu, ila vijiti vikibana hadi vidole vinapoa, fungua, watu wanakatwa miguu kwa hilo.

Ugoko mbele hauna nyama, ndo maana mfupa unatoboa ngozi kirahisi. Funika kwa kitambaa safi, usiurudishe ndani, majivu hapana.

Kumbeba: funga mguu kwenye ubao au kwenye mguu wake mzima, alale, asikalishwe kwenye boda katikati ya watu wawili. Kampala kuna hospitali ya Mulago, barabara ya Entebbe kuna hospitali ya CoRSU pale Kisubi. Na msimpe chakula wala chai njiani, akihitaji kufanyiwa upasuaji tumbo liwe tupu.