Kuacha ajira na kujiajiri kama fundi wa mabomba na boila Uingereza: kipi kitangulie, kipi kifuate

Fundi anayetaka kuacha ajira huanza kuwaza gari la kazi, nembo ya ubavuni na kadi za kugawa kwa wateja. Hivyo vinaweza kusubiri. Kinachowakwamisha wengi ni karatasi, na zaidi ya karatasi zenyewe ni mpangilio wake. Ukianza na barua ya kuacha kazi kabla ya mengine, unaweza kujikuta huna mshahara na huku huruhusiwi kugusa boila ya mtu.

Maelezo haya ni ya anayeanza peke yake kama mfanyabiashara binafsi, si ya anayefungua kampuni yenye Ltd. Viwango vya kodi nilivyotumia ni vya mwaka wa kodi 2025/26, yaani 6 Aprili 2025 hadi 5 Aprili 2026.

Kabla hujaandika barua

Tazama viza yako kwanza. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri kabisa. Aliye kwa viza ya Skilled Worker ruhusa yake imefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini, kwa hiyo hawezi kuamka asubuhi akaacha kazi na kuwa bosi wake mwenyewe. Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia asonge mbele.

Kisha soma mkataba wako wa ajira: notisi ni ya muda gani, na je, kuna kifungu kinachokuzuia kuwachukua wateja wa kampuni kwa muda fulani baada ya kuondoka? Kama kipo, usiwapigie simu wateja hao.

Usajili wa gesi

Hapa ndipo pa kutulia. Kwa kazi za maji tu, kama kufunga sinki, kubadilisha redieta au kuziba bomba linalovuja, serikali haikudai leseni. Gesi ni habari nyingine. Kisheria, biashara yoyote inayofanya kazi za gesi lazima iwe kwenye Gas Safe Register, rejista rasmi ya kazi za gesi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalitambui mpaka siku ya kuondoka ni kwamba kinachosajiliwa ni biashara, na fundi huorodheshwa chini yake. Ile kadi ya mfukoni yenye picha yako na namba ya leseni ya tarakimu saba inakufunika ukiwa unafanya kazi ya mwajiri wako. Ukiondoka, kibali hicho hakiondoki nawe. Hata kazi ya pembeni ya Jumamosi, ile ya kumfungia rafiki jiko la gesi kwa malipo, haifunikwi na usajili wa mwajiri.

Kwa hiyo omba usajili wako ukiwa bado kazini. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya Gas Safe Register, na kabla ya kuanza toa vyeti vyako vya ACS, yaani vya ujuzi wa kazi za gesi, uvisome mstari kwa mstari. Vyeti hivi hudumu miaka mitano. CCN1 ndiyo msingi wa usalama wa gesi majumbani, CENWAT ni ya boila na vipasha maji, CKR1 ni ya majiko. Geuza kadi yako na uangalie nyuma: kazi unazoruhusiwa zimeandikwa pale. Kama hakuna majiko, basi huna ruhusa ya majiko hata kama umeyafunga miaka kumi chini ya usimamizi wa mwingine. Kama cheti kimebakiza miezi michache, rudia mtihani kwanza. Kuna waajiri wanaolipia, na ukishaondoka gharama ni yako.

Utaweka jina la biashara, anwani, vyeti na ada. Usajili hulipiwa upya kila mwaka, na wakaguzi wa rejista wana haki ya kuja kutazama kazi zako.

Ukishasajiliwa unapata na wajibu mmoja ambao zamani ofisi ilikuwa ikikufanyia kimyakimya. Ukifunga boila England au Wales, kazi hiyo lazima iarifiwe ndani ya siku 30 kupitia Gas Safe, ili halmashauri ipate taarifa na mteja apate cheti cha kanuni za ujenzi. Mteja atakitafuta cheti hicho siku anayouza nyumba, na akikikosa atakutafuta wewe.

Kujisajili HMRC, mamlaka ya kodi

Hatua yenyewe si ngumu. Ingia kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, jisajili kwa Self Assessment, utaratibu wa kutangaza kodi yako mwenyewe, na ueleze kuwa umejiajiri. Utahitaji namba yako ya National Insurance (bima ya taifa), tarehe uliyoanza biashara, anwani na aina ya kazi. Baadaye barua itakuja kwa posta ikiwa na UTR, namba yako ya mlipakodi, tarakimu kumi. Itunze mahali pa kudumu, kwa sababu utaulizwa kila mara. Kama uliwahi kujaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, huko nyuma, namba yako ya zamani bado ni yako. Itafute kwenye barua zako za kodi kabla ya kuomba nyingine.

Sheria inakupa hadi 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi ulioanza biashara. Aliyeanza Juni 2025 ana hadi 5 Oktoba 2026. Ushauri wangu: usiusubiri muda huo. Bila UTR huwezi kujisajili CIS, mpango wa makato ya kodi kwenye kazi za ujenzi, na bila CIS utakatwa zaidi, kama utakavyoona hapa chini.

Siku ya kuondoka mwajiri atakupa P45, karatasi inayoonyesha mshahara na kodi yako hadi hapo. Usiitupe. Mshahara uliopata mwaka huohuo, pamoja na kodi uliyokwisha kukatwa, vyote vinaingia kwenye ritani yako ya kwanza. Na kama mapato yako ya pembeni kwa mwaka mzima hayazidi pauni 1,000, kabla ya kutoa gharama, kwa kawaida huna haja ya kuyatangaza.

CIS, kwa wanaofanya kazi chini ya mkandarasi

Ukimfanyia kazi mwenye nyumba moja kwa moja, sehemu hii haikuhusu. Ukifanya kazi chini ya mkandarasi kwenye jengo, mkandarasi hukukata fedha kabla ya kukulipa na kuzipeleka HMRC: asilimia 20 kama umesajiliwa CIS, asilimia 30 kama hujasajiliwa.

Makato ni kwenye ufundi, si vifaa. Tuseme ankara yako ni pauni 1,000, ufundi 700 na vifaa 300. Aliyesajiliwa anakatwa 140 na kuondoka na 860. Asiyesajiliwa anakatwa 210 na kuondoka na 790. Ukiandika ankara ya jumla bila kutenganisha vifaa, unamwachia mkandarasi akisie mwenyewe, na hana sababu ya kukisia kwa faida yako. Weka na risiti za vifaa.

Mkandarasi lazima akupe taarifa ya makato kwa maandishi. Idai. Fedha hizo ni kodi uliyolipa mapema, na huhesabiwa kwako mwisho wa mwaka.

Neno moja kuhusu bosi anayekwambia, "Endelea tu kuja saa mbili asubuhi kama kawaida, ila sasa umejiajiri." Kubadilisha jina hakubadilishi hali. Kama bado anakupangia saa, anakupa gari na zana, huwezi kumtuma fundi mwingine mahali pako na hurekebishi kosa kwa fedha yako, HMRC inaweza kusema wewe ni mwajiriwa. Umepoteza likizo ya malipo na hujapata uhuru wowote.

Bima na ankara

Bima ya kufidia watu na mali utakayoiharibu usiikose hata siku moja. Maji yakipita dari usiku hayasubiri. Bima ya gari lazima itaje matumizi ya kazi. Ukimwajiri msaidizi, bima ya mwajiri ya angalau pauni milioni 5 ni lazima kisheria. Ukitumia jina la biashara, jina lako halisi nalo liwepo kwenye ankara, na usiweke Ltd.

Januari ya kwanza

Ritani ya mtandaoni na malipo yake mwisho ni 31 Januari. Bili ya kwanza huwashtua wengi kwa sababu si ya mwaka mmoja tu. Chukua aliyejiajiri mwaka mzima, akapata faida ya pauni 30,000, hana kipato kingine wala makato ya CIS, na haishi Scotland. Pauni 12,570 hazitozwi kodi. Zinabaki 17,430: kodi ya asilimia 20 ni 3,486, na National Insurance ya daraja la 4 kwa asilimia 6 ni 1,045.80. Jumla 4,531.80.

Lakini HMRC hutaka pia malipo ya awali ya mwaka unaofuata, nusu ya bili hiyo, yaani 2,265.90. Januari hiyo anatakiwa kutoa 6,797.70, kisha 2,265.90 nyingine ifikapo 31 Julai. Fungua akaunti ya pembeni na utenge sehemu ya kila malipo siku yanapoingia. Ukijaza ritani mapema, tuseme Mei, unakuwa na miezi minane ya kujua deni lako kamili.

Vitabu vya hesabu

Gari la kazi unaweza kulidai kwa maili: peni 45 kwa maili 10,000 za kwanza, peni 25 kwa zinazozidi. Ukichagua njia hiyo kwa gari fulani, unabaki nayo kwa gari hilo, na huwezi kudai mafuta na matengenezo juu yake.

Kwa fundi wa boila hatari iko kwenye mauzo. Boila unayomnunulia mteja na kumtoza inahesabika kwenye mauzo yako, hata kama faida yake ni ndogo. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakulazimu mauzo yanapozidi pauni 90,000 katika miezi 12 yoyote inayofuatana, kwa hiyo piga hesabu kila mwisho wa mwezi. Na kuanzia 6 Aprili 2026, mwenye mapato ghafi ya zaidi ya pauni 50,000 kwenye ritani ya 2024/25 anatakiwa kutunza hesabu kwa programu na kutuma taarifa kila robo mwaka. Kiwango kinashuka hadi 30,000 Aprili 2027.

Risiti na ankara za 2025/26 zitunze angalau hadi 31 Januari 2032. Zipige picha zingali mpya, maana zile za karatasi laini za dukani hufutika zikikaa kwenye dashibodi ya gari.